Barua Moja ya Kila Mtu

Mtaani walimwita Kamusi, jina ambalo hakulitafuta na baadaye alitamani angelikataa mapema. Alikuwa na kichumba cha steshenari kando ya geti la hospitali, kinachomtosha yeye, kompyuta moja, mashine ya fotokopi, printa inayokohoa kwanza ndipo itoe karatasi, na kiti kimoja cha mteja ambacho mguu wake mmoja umeegeshwa juu ya kopo lililopondwa. Juu ya mlango paliandikwa: Tunachapa, tunatoa kopi, tunasahihisha Kiingereza. Hayo maneno mawili ya mwisho aliyaongeza mwenyewe kwa kalamu nene, siku moja kazi ilipokuwa imelala, na ndiyo yaliyokuja kumponza.

Shule aliishia kidato cha pili. Hakufukuzwa, alitoka tu, makalio yake hayakujua kukaa. Akazunguka huku na kule, akabeba mizigo, akauza soksi, mwisho akaangukia utarishi kwenye ofisi ya mawakili. Mpiga chapa wa pale alipojifungua, yeye akaambiwa aikalie ile mashine kwa wiki mbili. Wiki mbili zikazaa miaka sita. Alichapa barua za wakili kutwa nzima mpaka vidole vikajua Kiingereza kabla kichwa hakijajua. Ukimwuliza ghafla neno fulani linaandikwaje, alipapasa hewa kwa vidole kwanza, halafu ndipo akujibu.

Basi alipofungua kichumba chake watu wakaanza kuleta maswali. Wa kwanza alikuwa mlinzi wa geti, ambaye kila siku alitakiwa kujaza kitabu cha ripoti kwa Kiingereza.

"Kamusi, hivi 'did' inakwenda na 'go' au 'went'?"

"'Go'."

"Si mtu mwenyewe alishaenda jamani?"

"Alishaenda, ndiyo. Lakini huo wakati uliopita 'did' ameshaubeba mgongoni. Mwenzake aachwe atembee mikono mitupu. Ukiwabebesha wote wawili unawaonea."

Mlinzi akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kesho yake alikuja na mwenzake wa zamu. Keshokutwa akaja muuza viatu, yeye shida yake ilikuwa 'borrow' na 'lend'. Kamusi akamweleza kwamba sisi kuazima ni kuazima, anayetoa anaazima, anayepokea naye anaazima, lakini wenzetu wamegawana: anayepokea ndiye 'borrow', anayetoa ndiye 'lend'.

"Kwa hiyo mimi na mwavuli wangu siku zote ni 'lend'," muuza viatu akasema.

"Na mimi na mwavuli wako ni 'borrow'. Niachie leo, mvua inakuja."

Fundi simu wa jirani alikuwa amechora bango linalosema anatoa 'free advices'. Kamusi akamwambia aifute ile s, ushauri kwa Kiingereza hauhesabiwi mmoja mmoja. Fundi akabisha, akasema ushauri wake ni mwingi. "Hata ukijaza gunia," Kamusi akamjibu, "unabaki 'advice' vilevile."

Hayo aliyajua. Tatizo ni yale asiyoyajua, maana hayo nayo yaliletwa, na yeye neno sijui lilikuwa halimtoki mdomoni. Ukishaitwa Kamusi, mtu utamwambiaje hujui? Kwa hiyo alijitengenezea dawa. Akibanwa, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akatazama dari, kisha akasema taratibu, "Zote zinakubalika, ila hii ina heshima zaidi." Na kidole chake kiliangukia lile neno lililokuwa refu. Watu waliondoka wameridhika kabisa. Yeye ndiye aliyebaki na kitu kinamchoma. Akifika nyumbani alifungua kitabu chake cha sarufi kilichokwisha jalada, akatafuta, na mara nyingine alikuta amempoteza mtu wa watu. Hapo basi, wiki nzima akimwona yule mtu anavuka barabara, yeye anainama chini ya meza kutafuta kalamu isiyoanguka.

Katika hofu hiyo ndipo ilipozaliwa BARUA.

Miaka ya mwanzo karani mmoja alimwomba amwandikie barua ya kuomba kazi. Kamusi akaiandika kwa jasho, halafu akaipeleka kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Mwalimu akaichinja kwa kalamu nyekundu toka juu mpaka chini. Kamusi akaichapa upya, akairudisha, mwalimu akaisoma mara mbili na kusema, "Sasa hii haina kosa hata moja." Mwezi uliofuata mwalimu akahamia kwa mwanawe, mbali huko, na Kamusi hakuwa tena na wa kumwuliza. Lakini barua alikuwa nayo. Akaihifadhi kwenye kompyuta, akaipa jina BARUA, kwa herufi kubwa.

Tangu hapo kila aliyekuja kutaka barua ya kazi alipewa hiyohiyo. Kamusi alimsikiliza mtu vizuri, akaandika mambo yake pembeni, akaitikia kwa kichwa. Mtu akishatoka, anafungua BARUA, anabadilisha vitu vinne: jina, tarehe, cheo na mahali. Sentensi nyingine aliogopa hata kuzisogelea, maana akigusa kitenzi kimoja nani atamhakikishia kwamba wenzake bado wako sawa? Palikuwa na sentensi moja ya yule karani wa kwanza iliyosema 'Ever since I was a child, I have been devoted to the smooth running of offices', yaani tangu utotoni mwombaji amejitolea ofisi ziende vizuri. Hiyo nayo aliiacha. Dereva wa lori aliomba kazi nayo. Mpishi aliomba kazi nayo. Wateja walipokea karatasi, wakaangalia yale maneno mazito, wakamwambia, "Kamusi, hapa umemaliza." Naye alijiambia, mimi simdhulumu mtu, nampa kitu kizima kisicho na kosa.

Sasa, mke wake alikuwa na mdogo wake, mfanyakazi wa usafi pale hospitalini mwaka wa kumi na moja. Kamusi na huyu shemeji yake walikuwa watu wa utani, wakikutana lazima mmoja amchokoze mwenzake. Lakini siku aliyoingia steshenari mchana, na gauni lake la kijani la kazi likinukia dawa ya sakafu, alikuwa hana utani. Mkononi alikuwa na daftari.

"Shemeji, leo nimekuja kama mteja. Usinicheke."

"Nikucheke kwa lipi? Kaa. Taratibu, kiti hicho kina mambo yake."

Akakaa kwa nusu tako. Akaeleza kwamba kumetangazwa nafasi ya karani wa kumbukumbu, yule anayetunza mafaili ya wagonjwa, na yeye anaitaka. Miaka kumi na moja amefagia kile chumba, anajua faili gani linakaa wapi kuliko wanaolipwa kujua. Barua ameiandika mwenyewe, ukurasa na nusu, pale chumba cha kufulia, saa za chai, juu ya meza ya kupigia pasi.

"Hapa nimeandika 'I am working here since eleven years'. Najua pana kitu, kinaniwasha, ila sikioni."

"'I have been working here for eleven years'."

"Kwa nini?"

"Kazi uliianza zamani na mpaka leo hujaiacha, kwa hiyo kitenzi kinatakiwa kianzie kule kifike mpaka hapa. Na 'for' ndiyo inayopima urefu. 'Since' yenyewe inaonyesha pa kuanzia tu, unasema since mwaka fulani."

Shemeji akaandika pembeni, akaipigia mstari. "Unaona? Ndiyo maana nimekuja kwako. Ninachotaka uninyooshee vitenzi tu. Maneno yabaki yangu. Matroni ananijua, akisoma aone ni mimi."

"Vitenzi tu."

"Kweli shemeji?"

"Sasa nikuapie?"

Akamwachia daftari, akarudi kazini.

Kamusi akaisoma ile barua. Ilieleza siku moja shelfu ya mafaili ilipoanguka, karatasi zikatapakaa sakafu nzima, karani akaketi chini ameshika kichwa, na shemeji akaweka ufagio pembeni akaanza kuyapanga kwa namba, moja baada ya jingine, kwa sababu kila siku akipiga deki alikuwa anaangalia wanavyofanya. Mpaka jioni shelfu ilikuwa imesimama. Kiingereza chenyewe kilikuwa kimepinda kila mahali, lakini ukikisoma ulimwona mtu. Kamusi alijikuta anatabasamu peke yake.

Akaanza kunyoosha. Mstari wa kwanza ukaenda, wa pili ukaenda. Wa tatu akafika kwenye shelfu. 'Fell', akaandika. Akafuta. 'Had fallen'. Akafuta. 'Has fallen'? Akavua miwani, akaifuta, akatazama dari, lakini humo ndani hapakuwa na mteja wa kudanganya ila yeye mwenyewe. Barua ya muuza viatu ingekuwa na kosa, basi, mtu angejaribu kwingine. Lakini huyu ni mdogo wa mke wangu, hii kazi ameisubiri miaka kumi na moja, akikosa kwa sababu ya kitenzi nilichobahatisha mimi, nitaweka wapi uso?

Akafungua BARUA. Akabadilisha vitu vinne.

Jioni shemeji alipita mbio, wenzake wanamsubiri getini. Kamusi alikuwa ameikunja karatasi, pameachwa wazi sehemu ya chini tu.

"Weka saini hapa."

"Yangu umeyaacha yalivyo?"

"Nimegusa vitenzi tu."

Akasaini, Kamusi akaitia kwenye bahasha na kuilamba palepale. Shemeji akamshika bega, akamwambia, "Mungu akuweke," akatoka. Uongo wenyewe ulikuwa mfupi hivyo. Kamusi akabaki na ladha ya gundi ya bahasha ulimini, na chai aliyokunywa baadaye haikuiondoa.

Siku mbili baadaye akaja Mama Pacha. Huyu ndiye aliyekuwa shoga wa shemeji kazini, mfuaji wa mashuka ya wodini, mwanamke mnene wa vicheko, na pacha wake wawili walikuwa wanasoma darasa moja. Aliingia akafunga mlango nyuma yake.

"Kamusi, usimwambie shemeji yako kwamba nimekuja. Naye najua ameomba. Nisije nikaonekana namziba mwenzangu."

"Mimi hapa ni kama daktari, sitoi siri."

Akamkabidhi karatasi aliyoiandika kwa mkono, mambo yake mwenyewe, jinsi anavyohesabu mashuka ya wodi saba na hajawahi kupoteza hata foronya. Kamusi aliposoma cheo anachoomba, akaona ni kilekile cha shemeji. Barua mbili, meza moja. Lakini akajipoza: waombaji watakuwa mia, nani ana macho ya kuzisoma zote? Akabadilisha vitu vinne.

Haikufika wiki mbili. Jumamosi mchana Kamusi alikuwa nyumbani, mke wake anapanga nguo kabatini, mlango ukasukumwa bila hodi. Shemeji akaingia, macho mekundu.

"Dada, nimeitwa mwizi."

Mke wa Kamusi akaziweka nguo chini. "Na nani?"

"Matroni. Kaniita mimi na Mama Pacha, katusimamisha kama watoto wa shule. Anasema barua zetu zimefanana neno kwa neno, mmoja kanakili kwa mwenzake, hajali ni nani. Ametukata wote wawili, na barua ya onyo juu. Namwomba anionyeshe, ananiambia hana muda." Akamgeukia Kamusi. "Shemeji, mimi ile barua niliiandika kwa mkono wangu. Daftari lilikuwa linakaa pale kufulia, juu ya meza ya pasi, siku nne. Mama Pacha ndiye mwenye meza. Nimembana, amekana, mwisho ametoa kwamba naye alikuja kwako. Ni kweli?"

"Alikuja," Kamusi akasema.

"Alikuja na karatasi?"

Hapa ndipo palipokuwa na njia. Angesema tu, shemeji, zile barua zote mbili ni zangu. Neno hilo lilifika kooni kabisa. Lakini mke wake alikuwa anamwangalia, na shemeji alikuwa anamwangalia, na wote wawili walimwangalia kama mtu atakayewaokoa.

"Alikuja na karatasi," akasema. "Ya kuandika kwa mkono."

"Si nilisema." Shemeji akaketi kitandani kama mtu aliyekatwa miguu. "Dada, kanakili kwenye daftari langu. Mtu niliyembebea watoto wake mgongoni."

Kamusi akatoka nje kujifanya anafunga bomba. Lilikuwa limefungwa. Alichosema kilikuwa kweli tupu, hakuna hata neno moja la uongo, na kilikuwa kibaya kuliko uongo wote aliowahi kusema.

Jumatatu shemeji akaenda kwa matroni na mashtaka yake, kwamba mwizi ni mmoja na shahidi yupo. Matroni akasema kama ni hivyo basi suala limebadilika: Ijumaa saa nne watakaa na bwana wa utumishi, na atakayeonekana ameiba, kazi ya hospitali hana. Chumba cha kufulia kikagawanyika. Waliokuwa wanakula pamoja wakaanza kula kwa zamu. Mama Pacha alipita na toroli la mashuka, mtu akasema kwa sauti, "Fungeni madaftari," na watu wakacheka.

Jumatano Mama Pacha akaja steshenari. Safari hii hakufunga mlango. Hakukaa pia.

"Kamusi, wewe unayajua maneno yangu. Nilikuletea mashuka na foronya, wodi saba. Njoo Ijumaa uyaseme hayohayo, sitaki zaidi."

"Nitakuja, Mama Pacha."

"Maana mimi nimefikiri, nimefikiri, nikajiuliza labda shemeji yako ndiye aliyechungulia yangu. Halafu nikaona aibu. Yule hawezi."

"Hawezi," Kamusi akasema.

"Basi nani?"

Akavua miwani. Akaifuta. Mama Pacha akasubiri mpaka akachoka, akaondoka.

Siku hiyo Kamusi alifunga mapema. Nyumbani alisukuma sahani, mke wake akamwuliza kama anaumwa. Akasema kichwa. "Pole, baba," mke wake akamwambia, "ni hili la mdogo wangu linakuumiza. Una roho nyepesi." Kila neno la wema lilimwingia kama sindano. Usingizi alioupata ulikuwa wa vipandevipande, na katika kila kipande alikuwa anatafuta faili.

Alhamisi mchana mke wake alipokuwa anaanika nguo uani, akamfuata, akasimama upande wa pili wa kamba, shuka likiwa katikati yao.

"Mama watoto, Mama Pacha hakunakili."

"Umejuaje?"

"Zile barua niliziandika mimi. Ni barua moja. Naibadilisha majina."

Mikono ya mke wake ikasimama juu ya kamba. Uso wake hakuuona, aliona vidole tu. "Na ya mdogo wangu?"

"Niliogopa kuikosea."

Mke wake akabana shuka kwa kibanio, akahamia nguo nyingine. "Unaniambia mimi ili iweje? Mimi siye niliyesaini."

Kamusi akarudi steshenari, akafungua kompyuta aandike maelezo kwa matroni. Kwa mazoea mkono ulikwenda wenyewe kwenye BARUA. Akaangalia: humo ndani hapakuwa na mahali pa kuweka kosa la mtu, barua nzima ilikuwa inajisifu. Akafungua ukurasa mtupu. Akaandika mistari sita, ikamchukua mpaka steshenari za jirani zinafungwa. Vitenzi vilimtazama tu, na hakuwa na wa kumwuliza, akaviacha kama vilivyokuja. Kisha akachapa BARUA nne za zamani, ya karani, ya dereva, ya mpishi, ya mlinzi wa shule, akazikunja pamoja.

Ijumaa saa nne kamili alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya matroni. Shemeji alikuwa upande mmoja, Mama Pacha upande wa pili, na katikati palikuwa na nafasi ya kutosha watu watatu. Shemeji akamsogelea. "Asante kwa kuja, shemeji. Sema tu ulichokiona."

Wakaitwa. Matroni alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, na bwana wa utumishi kando yake na faili. Shemeji akaanza kusimama ili aseme, Kamusi akamwomba akae.

"Mheshimiwa matroni, hapa hakuna mwizi kati ya hawa wawili. Mwizi ni mimi." Akaweka karatasi mezani, zile nne, na ile ya mistari sita juu. "Hii barua ninayo miaka tisa. Kila mtu nampa hiyohiyo. Walileta maneno yao, wote wawili, sikuyatumia."

Matroni akavaa miwani. Akasoma ya karani, ya dereva, akatoa na zile mbili kwenye faili, akazipanga zote mezani kama karata. Bwana wa utumishi akainama, akasoma kwa sauti sentensi ya utotoni na uendeshaji wa ofisi, na hapo akashindwa, akacheka. "Hata dereva wa lori?" Mama Pacha naye kicheko kilimponyoka, akakizuia kwa kiganja.

Shemeji hakucheka. "Soma tena," akamwambia bwana wa utumishi, naye akasoma tena, polepole. Shemeji akamgeukia Kamusi. "Hiyo ndiyo barua yangu?"

"Ndiyo."

"Niliyoisaini?"

"Ndiyo, shemeji."

"Na mafaili yangu yako wapi? Shelfu iko wapi?"

Kamusi akatazama sakafu.

"Siku ile nakuuliza kama alikuja na karatasi," shemeji akaendelea, sauti haikupanda hata kidogo, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Matroni akasoma ile ya mistari sita. Akachukua kalamu, kama mtu anayetaka kusahihisha, halafu akairudisha mezani. Akasema maonyo yataondolewa kwenye mafaili ya wote wawili leo hii, na watu wa kufulia wataelezwa. Lakini nafasi ya karani ilishajazwa juzi, amepewa mtu kutoka nje. "Samahani sana," akamwambia shemeji. "Nisingeweza kujua. Mimi nilisoma hii nikasema, huyu mtu amebadilika, siku hizi anajisifu."

Wakatoka koridoni. Shemeji na Mama Pacha wakasimama wameangaliana, hakuna anayejua aanze nani.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu," shemeji akasema.

"Na mimi nilikuficha kwamba naomba. Ningekwambia, tungekuja kwake pamoja, angeshindwa hata pa kuanzia kutudanganya."

"Nilisema na watoto wako watakuwa wezi."

"Hilo nalo ulilisema?" Mama Pacha akamtazama sana. "Hilo sikulisikia. Wodi ya tatu wanasubiri mashuka, twende, utanimalizia njiani."

Kamusi akasogea. "Shemeji."

Shemeji akageuka. "Unajua kinachoniuma? Kazi nitaomba nyingine. Kinachoniuma, uliisoma. Kama usingeisoma ningesema hukujua."

"Niliisoma. Ilikuwa nzuri. Nilicheka peke yangu mle ndani."

"Mbona hukuniambia?"

Safari hii Kamusi hakutazama dari.

"Mume wa dada," shemeji akasema, na miaka yote hajawahi kumwita hivyo, "umesema mwenyewe, hakuna aliyekuvuta. Hilo nimeliona. Mengine usiniharakishe."

Akaenda kuchukua ndoo yake iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akakamua tambara, akaanza kupiga deki kuanzia mlangoni kwa matroni kuja upande wa kutokea, kwa mikono ya mtu ambaye kazi yake inamsubiri. Maji yakamfikia Kamusi miguuni. Akainua kiatu kimoja, akatazama pa kukiweka, hapakuwepo pakavu.

"Kaa hapo hapo," shemeji akamwambia bila kuinua kichwa. "Utanichafulia."

Kamusi akajibanza ukutani, mikono nyuma, akasubiri sakafu ikauke.